Ng'ombe Wanavuka, Ng'ombe Huvuka

Wajukuu zangu mnaojifunza Kiingereza huko Karatu ili mpate kazi za utalii, mimi sikuwahi kuwa mwalimu, wala sikuwahi kumwonyesha mgeni hata tembo mmoja. Nilikuwa karani wa redio. Nilikaa miaka mingi mbele ya sanduku la chuma lenye waya, kwenye kituo kidogo cha afya upande wa Enguserosambu, kule Loliondo, na kazi yangu ilikuwa kuzungumza na ndege.

Naandika haya kwa sababu ya mjukuu wangu Anjela. Juzi alikuja kwangu Qurus na daftari lake. Tulikuwa jikoni, mimi napepeta maharage, yeye ananisomea zoezi alilopewa chuoni: kujaza nafasi, achague "eats" au "is eating". Alikuwa amepata karibu zote. Hata hivyo alikuwa amenuna.

"Bibi, hivi hawa Wazungu wanahangaikia nini? Sisi tunasema simba anakula, imeisha. Iwe kila siku, iwe sasa hivi, anakula."

Nikaweka ungo chini. Swali hilo nililiuliza mwenyewe nikiwa na umri kama wake, na siku niliyoliuliza nilikuwa nimetoka kuponea chupuchupu kumwua rubani pamoja na ng'ombe za watu.

Kazi yenyewe niliipata kwa bahati. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na Kiingereza changu kilikuwa cha kwenye karatasi. Ningeweza kuandika barua ya kuomba ruhusa ya ugonjwa bila kosa, lakini sikuwahi kuongea Kiingereza na mtu ambaye si mwalimu. Mjomba wangu aliendesha lori la kupeleka unga na dawa Loliondo. Akasikia kwamba kituo kinatafuta binti anayejua kusoma na kuandika Kiingereza na asiyeogopa upweke. Akaniambia, "Paskalina, panda." Tukapita geti la hifadhi, tukafuata ukingo wa kreta katika ukungu mzito, taa za lori zimewashwa saa tatu asubuhi, kisha tukateremka upande wa pili kwenye jua na vumbi. Mimi nimekulia Qurus, mahali ambapo shamba la huyu linaishia penye mahindi ya yule. Kule niliona nchi isiyo na mpaka wa shamba hata mmoja. Nikalia kidogo. Mjomba akajifanya anakagua kioo.

Kituo kilikuwa na vyumba vinne vya matofali. Mkuu wetu alikuwa Nesi Grace, mama mnene mwenye mikono myepesi na ulimi mkali. Chumba changu kilikuwa cha mwisho. Ukutani palikuwa na kalenda yenye siku za kliniki, mezani redio na betri ya gari, na mbele yangu dirisha lililotazama kiwanja cha ndege. Msifikirie lami. Kiwanja kilikuwa ukanda wa nyasi fupi wenye mawe yaliyopakwa chokaa pande zote mbili. Mlinzi wake alikuwa Mzee Koyaki, Mmaasai mrefu aliyetembea na fimbo mkono mmoja na sepetu mkono wa pili. Kila asubuhi alifukia mashimo ya ngiri, maana gurudumu la ndege likiingia kwenye shimo la ngiri, hakuna safari tena.

Ndege ilikuja mara moja kwa mwezi kuleta chanjo, na siku yoyote nyingine tukiwa na mgonjwa wa kukimbizwa hospitali. Rubani alikuwa Mwingereza wa makamo, tulimwita Kapteni Ruth. Kiswahili chake kilikuwa salamu na majina ya vyakula, basi.

Nilifundishwa redio kwa siku mbili. Bonyeza kitufe, vuta pumzi moja, ndipo useme. Ukisema mara tu unapobonyeza, neno lako la kwanza linamezwa. Taja namba moja moja. Ukimaliza, achia kitufe, maana ukikishikilia huwezi kumsikia mwenzako, na utakaa hapo ukidhani amekasirika. Usizungumze ukiwa unahema. Yote hayo niliyashika. Jambo ambalo hakuna aliyenifundisha, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba linahitaji kufundishwa, ni kwamba sentensi yangu haikuwa inaonyesha kama naangalia kalenda au naangalia dirisha.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Katika taarifa ya asubuhi nilikuwa nikisoma hali ya hewa, hali ya nyasi, halafu naongeza sentensi aliyoniomba Mzee Koyaki: "Cows cross the airstrip at ten o'clock." Yaani ng'ombe wanavuka kiwanja saa nne kwenda kunywa maji. Kila mwezi sentensi ile ile, na kila mwezi Kapteni Ruth anashukuru. Siku hiyo ilikuwa masika, ng'ombe walicheleweshwa na matope, saa nne ikapita bila hata mmoja kuonekana. Saa tano kasoro nikasikia mngurumo wa ndege. Nikachungulia. Ng'ombe walikuwa katikati ya kiwanja, mstari mrefu kutoka kichakani, vijana wanawapigia miluzi, Mzee Koyaki anapunga shuka lake jekundu.

Nikabonyeza kitufe. Nikavuta pumzi, kama nilivyofundishwa. Nikasema, "Cows cross the airstrip."

Kapteni Ruth akajibu kwa utulivu kabisa, "Yes, I know they do. Thank you." Ndiyo, najua wanavuka, asante.

Nikashangaa. Anajua? Basi mbona anashuka? Nikarudia kwa sauti zaidi, "Cows cross! Cows cross the airstrip!" Akaniambia amenisikia, na kwamba anatua.

Ndege ikatokea juu ya miti ikiwa imeshuka sana. Nadhani aliwaona wakati magurudumu yanakaribia nyasi. Injini ikalia kwa nguvu, pua ikainuka, ikapita juu ya migongo ya ng'ombe kwa urefu ambao fimbo ya Koyaki ingeufikia. Ng'ombe wakatawanyika kila upande. Ndama mmoja akaingia chumba cha kuzalishia, na Nesi Grace akamtoa kwa ufagio. Mimi nilikuwa nimesimama na kisemeo cha redio mkononi, nimekibonyeza tena bila kujijua, kwa hiyo hata kama alikuwa ananiita nisingemsikia.

Alizunguka mara mbili, kiwanja kikawa wazi, akatua. Nilijua nimeshafukuzwa. Nilianza hata kukunja kitenge changu.

Mzee Koyaki ndiye aliyefika kwanza, matope mpaka kwenye nyusi. "Paskalina, huyu mama alitaka kuninyoa kichwa," akasema. "Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ng'ombe wanavuka."

"Basi yeye alisikia nini?"

Alikuwa hanilaumu. Alitaka kujua. Na hapo hofu yangu ikapungua kidogo, maana na mimi nilitaka kujua.

Kapteni Ruth aliingia, akauliza kwanza kama kuna mtu au ng'ombe aliyeumia. Hakuna. Akaketi juu ya boksi la chanjo, akaniomba nirudie nilichosema redioni, neno kwa neno. Nikarudia.

"Ndicho nilichosikia," akasema. "Ukisema 'cows cross', unanieleza tabia ya ng'ombe wa hapa. Hiyo ninayo tangu mwaka jana. Nilidhani unanikumbusha, nikaona una bidii. Wakiwa kiwanjani muda huo, niambie 'Cows are crossing.' Ningegeuka kabla hujaachia kitufe."

"Lakini ni ng'ombe wale wale," nikamwambia.

"Ng'ombe ni wale wale. Saa ndiyo tofauti."

Hakunifukuza. Alipoondoka nilikaa mezani mpaka jua likaelekea magharibi, naangalia kalenda, naangalia dirisha. Nikaelewa kwa njia yangu. Kuna sentensi za kalenda na kuna sentensi za dirisha. Kliniki ni Jumanne: kalenda. Mvua inanyesha na naiona: dirisha. Mwingereza anapofungua kinywa lazima achague anatazama wapi, hata kama hana habari kwamba anachagua. Kiswahili chetu kinakuachia. Ukisema "ng'ombe wanavuka", msikilizaji ndiye anageuza shingo kuangalia kama ni kweli.

Mtaniambia, Bibi, si tuna "hu"? Ng'ombe huvuka. Ni kweli, na darasani tuliifanyia mazoezi. Lakini huku kwetu bara nani anaitumia sokoni? Mama yangu alizungumza Kiiraqw kwanza, Kiswahili alikiokota mnadani na kanisani. Neno "huenda" nililisikia kwake kwa maana ya "labda" tu. Akitaka kusema mazoea anasema "huwa anaenda", au "anaendaga" kama vijana wa sasa, au anasema "anaenda" na kukuachia uelewe mwenyewe.

Mwezi uliofuata nilikuwa mtu mpya. Nilikuwa nimeapa kwamba rubani hatapata tena sentensi ya kalenda kutoka kwangu. Kila kitendo nikakiwekea "ing". Kapteni Ruth akaniuliza kama namsikia. Nikajibu kwa fahari, "I am hearing you!" Akauliza wagonjwa. "I am having three patients." Akauliza kama najua namba ya boksi fulani la dawa. "I am knowing it."

Kisha nikasikia mtu anacheka angani.

Alipotua akaniambia, "Paskalina, ni 'I hear you'. Ni 'I have three patients'. Ni 'I know it'."

Nikamkatalia. Nilikuwa nimelifikiria jambo hili mwezi mzima, sikuwa tayari kuachia. "Kapteni, nakusikia sasa hivi. Siyo tabia yangu. Wagonjwa ninao sasa hivi, kesho watakuwa wamekwenda. Kwa nini isiwe dirisha?"

"Una haki kuuliza," akasema. "Sijui. Ndivyo tunavyosema."

Hilo lilinifurahisha kuliko jibu. Nilikuwa sijawahi kumwona mwenye lugha akishindwa na lugha yake. Aliporudi tena aliniletea kitabu cha sarufi kilichochanika jalada. Ndani yake palikuwa na safu ya vitenzi visivyopenda "ing": kujua, kutaka, kuhitaji, kusikia, kumiliki, kuamini. Sababu hawakuandika. Nikalipeleka swali kwa Mzee Koyaki, ambaye alikuwa anafukia shimo.

"Mzee, kwa nini mtu hawezi kuwa katikati ya kujua?"

Akaegemea sepetu. Hakujua Kiingereza hata neno, lakini swali likimvutia alikuwa hawezi kuliacha. "Kujua ni kazi?" akauliza. "Nikikukuta umekaa, nikakuuliza unafanya nini, utanijibu 'ninajua'?"

Nikacheka. "Na kusikia?"

"Kusikiliza ndiyo kazi. Unakaa, unatega sikio. Kusikia kunakuja kwenyewe."

Nikarudi mbio kwenye kitabu. Kumbe kweli: "I am listening" inaruhusiwa, "I hear" inabaki bila "ing". Nilimweleza Kapteni Ruth maneno ya Koyaki, akayaandika nyuma ya ramani yake ya kurukia. Alisema ni bora kuliko kitabu.

Lakini msidhani mlango ulifungwa. Siku moja nilimkuta amekaa na kikombe, nikamwuliza anafanya nini, akajibu, "I'm having tea." Nikaruka kama niliyeumwa na siafu. "Kapteni! Umesema 'have' haichukui 'ing'!" Akatazama kikombe, akanitazama mimi. "Kwa sababu ninainywa," akasema. "Wale wagonjwa watatu ulikuwa huwanywi." Nesi Grace, aliyekuwa anapita, alituuliza kama hatuna kazi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, wajukuu, ni huu: kabla hujachagua, jiulize kama hicho unachokitaja ni kazi ambayo mtu anaweza kukukuta unaifanya. Kama siyo, achana na "ing". Nina jirani hapa Qurus, kijana mwenye shamba la kahawa, wageni wanapitishwa kwake kuona inavyokaangwa. Mgeni mmoja alimwuliza, "What do you do?" yaani kazi yako ni nini. Yule kijana akajiangalia miguu, akajibu, "I am standing." Wageni wakacheka, na kwa bahati yeye ni mcheshi, wakanunua kahawa mara mbili. Siku hizi anatumia simu kumtafsiria. Simu ni nzuri, mimi mwenyewe ninayo. Lakini ukiiandikia "ndovu wanapita hapa", yenyewe haiko porini, haina dirisha. Inabahatisha. Wewe ndiye unayeona kama ndovu wapo au ni njia yao tu.

Kuna swali moja la Kapteni Ruth lililonikaa zaidi. Tulikuwa tunasubiri mvua ipite, akaniuliza naishi wapi. Nikamjibu, "I am living here. I live in Qurus." Akaniambia sentensi zote mbili ni sahihi, kisha akauliza niko hapo tangu lini. Nikahesabu kwa vidole, vya mkono mmoja vikaisha. Akanieleza kwamba Mwingereza akisema "I am living", anamaanisha nipo kwa muda, mizigo yangu iko karibu na mlango. Mama yangu Qurus alikuwa bado hajampa mtu chumba changu. Wakati huo huo kule nilikuwa na bustani ya sukuma wiki, naitikia "Iko!" bila kufikiri mtu akinisalimu kwa Kimaasai "Takwenya!", na watoto wa boma la Koyaki wanaingia kwangu bila hodi. Likizo iliyofuata nilimwambia mama chumba kile ampe mdogo wangu. Alinitazama sana, lakini akampa.

Sasa niwaambie kuhusu Nashipae.

Nashipae alikuwa mke wa mtoto wa kwanza wa Mzee Koyaki. Kiangazi kimoja walimleta saa saba mchana wakiwa wamembeba kwenye kitanda cha kamba, uchungu umeanza tangu jana yake na mtoto haji. Koyaki alitembea mbele yao mpaka kwenye mawe ya chokaa, akasimama hapo. Kwa mila yao baba mkwe hakaribii mambo hayo. Akachukua sepetu, akaanza kufukia shimo ambalo halikuwepo.

Nesi Grace alichungulia mlangoni kwangu. "Mwite rubani. Mwambie mama anatoka damu."

Nilikuwa nimeshabonyeza kitufe. Nikakiachia.

"Anatoka sasa hivi?" nikauliza. "Au imekuwa ikitoka na kukoma?"

"Paskalina, unaniuliza sarufi?" Macho yake yalikuwa mekundu. "Mwanamke anatoka damu!"

"Nesi, nisamehe. Kule juu atanielewa kwa namna mbili, na kila namna ina uamuzi wake. Nenda uangalie, niambie."

Nilidhani atanizaba kofi. Akageuka, nikasikia viatu vyake vinakimbia, vinarudi. "Ilikuwa inakuja na kukoma tangu asubuhi," akasema, sauti yake imebadilika. "Sasa haikomi."

Nikambonyezea Kapteni Ruth. "She is bleeding now. It is not stopping."

Baadaye aliniambia alikuwa njiani kupeleka chanjo vituo viwili upande mwingine, na kwamba kwa mgonjwa wa kawaida wa uzazi angemaliza kituo cha kwanza ndipo aje. Siku ile sikujua hayo. Nilisikia tu, "I'm coming." Nikajua ndege imeshageuka.

Alipokaribia akaniomba upepo. Hapo ndipo nilipoona kazi yangu yote ya nyuma ilikuwa maandalizi. Mchana wa kiangazi upepo wetu unatoka mbugani, kila rubani aliyetujua alijua hivyo na angetua kuelekea mbugani, maana ndege inatua ikiukabili upepo. Lakini nilipochungulia, ule mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo juu ya mlingoti ulikuwa umejaa kwa kuelekea upande usio wake, na Koyaki alikuwa ananionyesha vivyo hivyo kwa mkono wake mrefu. Nikavuta pumzi. Nikasema, "The wind usually blows from the plains. Now it is blowing from the hills. It is blowing hard."

"Say again the last," akasema. Nikarudia. "From the hills. It is blowing from the hills."

"Thank you, Paskalina."

Akaja kwa kuzungukia upande wa mbuga, tofauti na siku zote. Nilimwona anaelea, anayumba, ndege nyepesi kama gunia tupu. Kama angekuja kwa njia ya mazoea, upepo ungemsukuma kwa nyuma mpaka nje ya mawe, kwenye korongo. Magurudumu yaligusa nyasi kabla ya nusu ya kiwanja. Wakampakia Nashipae, Nesi Grace akapanda naye ameshikilia chupa ya maji ya kutia mshipani juu ya kichwa, mlango ukafungwa. Vumbi lilipotulia nilibaki mimi, Mzee Koyaki na mbuzi wawili wa kituo.

Hakuna sehemu ya kazi ile iliyokuwa ngumu kama kusubiri. Hospitali nayo ilikuwa na redio, lakini huwezi kuwaita watu walio chumba cha upasuaji uwaulize habari. Nilisafisha vichwa vya betri. Nilipanga kadi za kliniki ambazo zilikuwa zimepangwa. Koyaki alikuja akachuchumaa nje ya mlango wangu, mgongo kwenye ukuta, akakataa chai.

"Unasikia kitu?" akawa anauliza.

"Nasikiliza, Mzee. Sijasikia."

Jua lilipokuwa limegusa miti, redio ikakwaruza. Jioni mawimbi yale yanakuwa na kelele nyingi, kama mtu anakaanga vitunguu. Katikati ya kelele nikatambua sauti ya Kapteni Ruth, lakini hakuniita kwa utaratibu wa redio, wala hakutaja kituo.

"Paskalina, he is crying."

Hakusema "she", kwa hiyo hakuwa mama. Hakusema "he cries". Kuna mtoto wa kiume mahali fulani karibu na mdomo wa rubani, na wakati huo huo, kabla hata sentensi haijaisha, alikuwa analia. Nikaweka sikio kwenye spika, na nadhani nilimsikia, ingawa huenda zilikuwa kelele za mawimbi tu.

"And the mother?" nikauliza mwishowe.

"She is sleeping. They have stopped the blood."

Koyaki alikuwa amesimama mlangoni. "Wanasema nini?"

"Wanasema analia, Mzee."

Uso wake ukaanguka. "Nani? Nashipae?"

Nikaona kosa langu. "Hapana! Mtoto. Mtoto wa kiume, analia sasa hivi. Mama yake amelala, damu imekoma." Alinitazama kwa muda kama mtu anayepima kama nimemaliza kusema. Kisha akatoka, akatembea mpaka mwisho wa kiwanja na kurudi, mara mbili, akiwa anapiga yale mawe ya chokaa kwa fimbo, jiwe moja baada ya jingine.

Nashipae alirudi baada ya wiki kadhaa kwa lori la mahindi. Alikuja moja kwa moja chumbani kwangu, amekonda, amevaa shanga zote alizokuwa nazo, mtoto kamfunga kifuani kwa khanga mpya. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, akaitazama redio. Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani, kifupi na cha wazi.

"Baba mkwe anasema siku ile ndege iliongea na wewe," akasema. "Ilisema nini?"

"Ilisema mtoto analia."

Akainamisha kichwa kumwangalia mwanawe, akamfuta jasho puani kwa kidole.

"Ni kweli," akasema kwa uchovu mkubwa. "Analia. Asubuhi analia, jioni analia, nikipika analia, wageni wakija analia. Hiyo ndege inamjua."

Mtoto mwenyewe wakati huo alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, hana habari na sisi.